Maji ya Bengaluru na visima vya Mzakwe: funzo kwa jiji la Dodoma

  Ndugu wasomaji, Ijumaa ya leo tumekusudia kulitazama jiji moja la mbali, ili tupate kuliona vizuri zaidi jiji letu la karibu.

Jiji hilo ni Bengaluru, lililoko kusini mwa India, ambalo wengi wetu tumezoea kuliita Bangalore. Jina lake la wenyeji lilirejeshwa rasmi mwezi Novemba 2014. Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, Bengaluru si mji mgeni. Wapo waliopeleka huko vijana wao kusoma, na wapo waliopeleka wagonjwa wao kutibiwa. Kwa walimwengu wengine, Bengaluru ni mji wa kompyuta. Kazi nyingi za mabenki na makampuni ya Ulaya na Marekani hufanywa na vijana walioketi katika ofisi za vioo za mji huo.

Hadhi hiyo haikuja kwa siku moja. Kabla yake, Bengaluru ulijulikana kuwa mji wa bustani na wa wastaafu, wenye hewa ya kiasi na barabara zenye vivuli. Katika miaka ya 1970, serikali ya jimbo la Karnataka ilianzisha eneo la viwanda vya elektroniki pembezoni mwa mji. Mwaka 1983 kampuni ya Infosys ilihamia Bengaluru kutoka Pune, na mwaka 1985 kampuni ya Texas Instruments ya Marekani ikafungua ofisi yake. Baada ya hapo milango ilifunguka. Sensa ya India ya mwaka 2011 ilihesabu wakazi wapatao milioni 8.4 katika jiji hilo, na mwaka huohuo treni za mjini zikaanza kubeba abiria katika jitihada za kupunguza foleni za magari.

Ndugu msomaji huenda ukauliza: hayo yanatuhusu nini sisi tunaoishi katika nyanda za kati za Tanzania? Jibu ni kwamba Bengaluru na Dodoma ni ndugu wa hali moja. Miji yote miwili imejengwa juu ya uwanda wa bara, mbali na bahari. Bengaluru uko kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, na Dodoma kwenye mita 1,120 hivi. Wala hakuna mto mkubwa upitao mwaka mzima katikati ya mji wowote kati ya hiyo. Mji wa namna hiyo huishi kwa akiba, na akiba isipotunzwa huisha.

Wazee wa Bengaluru waliijua hali hiyo. Kwa masimulizi ya historia yao, mji uliasisiwa mwaka 1537 na mtawala aitwaye Kempe Gowda. Yeye na waliomfuatia walichimba mabwawa mengi kwa ajili ya mashamba na matumizi ya watu. Mabwawa hayo yaliunganishwa kwa mifereji: bwawa la juu likijaa, maji yake ya ziada hushuka hadi bwawa la chini, na lile nalo hulimiminia jingine. Mvua ya msimu ilikamatwa na kuwekwa, na sehemu yake ilipenya chini kuvilisha visima.

Mji ulipotajirika, ardhi ikawa ghali na mabwawa yakaonekana kuwa viwanja vilivyokaa bure. Kituo kikuu cha mabasi cha jiji kimejengwa mahali palipokuwa bwawa la Dharmambudhi, na uwanja wa michezo wa Kanteerava umesimama mahali palipokuwa bwawa la Sampangi. Mengine yaligeuzwa makazi, na yaliyosalia mengi yakapokea majitaka. Katika bwawa kubwa la Bellandur uchafu ulizidi kiasi cha kufanya povu jeupe lenye harufu mbaya, na dunia ikashuhudia jambo la ajabu: bwawa kutoa moto na moshi, mwaka 2015 na tena miaka ya 2017 na 2018.

Kisha yakaja mambo mawili yanayostahili mazingatio. Mwezi Septemba 2022 mvua kubwa ilinyesha, na kwa kuwa mifereji ya zamani ilikuwa imezibwa au kujengewa, maji yaliingia katika mitaa ya matajiri na ya mafukara pia. Wafanyakazi wa makampuni makubwa walibebwa kwa matrekta na mitumbwi kwenda kazini. Haikupita miaka miwili, jiji hilohilo likalia kiu. Mvua za mwaka 2023 zilikuwa haba, na ilipofika Machi 2024 maofisa walitangaza kwamba kati ya visima virefu vya umma vipatavyo 13,900, vipatavyo 6,900 vilikuwa vimekauka. Naibu Waziri Mkuu wa jimbo, Bwana D. K. Shivakumar, alisema hadharani kwamba hata kisima cha nyumbani kwake kimekauka. Mamlaka ya maji ilipiga marufuku kuosha magari, kumwagilia bustani na kujengea kwa maji ya kunywa, na aliyekaidi alipaswa kulipa faini ya rupia 5,000. Serikali ililazimika pia kuweka kikomo cha bei ya maji ya maboza, kwa sababu wenye maboza walikuwa wakipandisha bei.

Tuzingatie vyema. Elimu haikupungua Bengaluru, wala fedha. Mji unaotengeneza programu za kuendesha mabenki ya dunia ulikosa maji ya kuogea. Ulizama mwaka 2022 na kukauka mwaka 2024 kwa sababu inayokaribiana: ardhi iliyokuwa ikiyapokea maji ya mvua na kuyahifadhi ilifunikwa kwa saruji. Jiji lilitegemea mto Kaveri, ambao maji yake husukumwa kwa pampu kutoka karibu kilomita 100 na kupandishwa mlima. Oktoba 2024 awamu ya tano ya mradi huo ilizinduliwa ili kuongeza lita milioni 775 kwa siku. Ni kheri kubwa. Hata hivyo, maji yatokayo mbali huja kwa gharama ya umeme kila siku, na mabwawa yaliyofukiwa hayarudi.

Sasa tugeuze macho nyumbani. Masimulizi ya wenyeji yanasema jina la Dodoma limetokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama, kwa ajili ya tembo aliyekwama na kudidimia kwenye tope la kijito alipokwenda kunywa maji. Yaani jina lenyewe la mji ni habari ya maji. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni milimita 570 hivi. Wazee wa Ugogo hawakusahau njaa waliyoiita Mtunya, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, pale majeshi yalipokuwa yamechukua nafaka, mifugo na wapagazi, kisha mvua nazo zikakosekana.

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi mji ulikua taratibu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007 na kuleta maelfu ya vijana, wakiwemo wanaosomea mambo ya kompyuta. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia Dodoma kwa vitendo, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 iliwakuta 765,179. Katika miaka kumi mji umekaribia kujizidisha mara mbili, na mawingu hayakuongezewa mvua.

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya jiji hutoka katika visima vya Mzakwe, kwenye bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji. Juu ya visima hivyo upo utafiti unaofaa kujulikana na kila familia. Vina cha maji kilipimwa hapo kwa zaidi ya miaka 50, na wataalamu walipochapisha matokeo mwaka 2013 walionyesha kwamba akiba ya chini ya ardhi haijazwi kila mwaka. Hujazwa zaidi katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kawaida, mfano wa ule wa El Nino wa 1997/98. Miaka mingine mingi tunateka tu. Aidha, tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba maji hayo hupenya zaidi kupitia mito ya mchanga ya msimu, wakati wa mafuriko.

Maana yake ni nzito. Mtu mwenye kulipwa mshahara mara moja kila baada ya miaka kadhaa hatumii kama alipwaye kila mwezi, na mlango unaopitishia mshahara wake hauzibi. Milango hiyo kwetu ni makorongo na mabonde ya mchanga. Tukichimba mchanga wake bila kiasi, tukajenga nyumba na maduka ndani yake, tukayafanya majalala ya mitaa, basi tunafanya yaleyale yaliyofanywa na watu wa Bengaluru kwa mabwawa yao. Tofauti ni kwamba wao wameshachelewa, na sisi bado tuna nafasi.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba watu ni washirika katika maji. Alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, kipimo kisichotimia lita moja, na kuoga kwa lita tatu hivi. Nasi katika misikiti yetu huiona koki imefunguliwa tangu mtu anapokunja mikono ya kanzu hadi anapomaliza kuosha miguu, huku akizungumza na mwenzake. Na Sayyidna Uthman bin Affan, Mungu amridhie, aliponunua kisima cha Ruma pale Madina ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, hakukifanya biashara yake. Alikitoa wakfu, tajiri na fukara wakateka sawa.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe. Maji yakipungua mjini, hayapungui kwa wote. Mwenye uwezo huchimba kisima chake kirefu zaidi au huita boza, na mwenye matangi makubwa hajui siku bomba lilipokatika. Anayeumia ni mama anayenunua maji kwa dumu kutoka kwenye mkokoteni, na binti anayeamka alfajiri kupanga ndoo badala ya kudurusu masomo. Bengaluru mwaka 2024 maghorofa ya kifahari yalipata shida, lakini waliosimama kwenye foleni za ndoo walikuwa vibarua na watumishi wa majumbani. Kuyamwaga maji kwa israfu katika mji wa visima ni kuchota kwenye ndoo ya jirani asiyekuona.

Basi tufanye nini? La kwanza liko juu ya vichwa vyetu, nalo ni bati. Paa la mita za mraba 100, kwa mvua ya milimita 570, hupokea lita 57,000 kwa msimu. Tukikadiria kwamba moja ya tano itapotea, zinabaki lita 45,600, yaani madumu 2,280 ya lita 20. Familia itumiayo madumu 10 kwa siku ingeyatumia kwa zaidi ya miezi saba, kama ingekuwa na pa kuyaweka. Hata mwenye tangi la lita 5,000 tu, kila likijaa lina matumizi ya siku 25. Mifereji ya kukingia maji ni sadaka kwa familia yako mwenyewe.

La pili, kamati za misikiti na madrasa ziyaelekeze maji ya udhu kwenye miti. Maji hayo hayana madhara kwa mti, na mji wetu una haja ya kivuli. La tatu, tunapotengeneza nyua za nyumba zetu tusizifunike zote kwa saruji, tuiachie ardhi sehemu ya kunywea. La nne, mwenye kununua kiwanja aulize maji ya mvua hupita wapi kabla hajauliza bei, na akiambiwa ni njia ya korongo, akiache hata kama ni rahisi. Nao viongozi wenye kupima viwanja tunawanasihi kwamba bonde la Makutupora na makorongo yanayolilisha ni hazina ya umma, na aliyepewa dhamana ya hazina ataulizwa. Bwawa la Farkwa na maji ya Ziwa Victoria, mipango inayotajwa kwa ajili ya jiji, ije kuongeza akiba hiyo na isiwe sababu ya kuiacha.

Tunapenda vijana wetu wajifunze kutoka Bengaluru ufundi wa kompyuta, na Dodoma ipate sehemu yake katika elimu hiyo. Lakini wakirejea wakakuta mji hauna maji, watafanya walichofanya wazee wa zamani wakati wa njaa: watafunga mizigo na kuhama. Tumuombe Mwenyezi Mungu atupe mvua zenye kheri, na atupe pia akili ya kuzitunza zinaposhuka.