Gari Limelala, Betri Imekwisha: Umeme Umekwenda Wapi?



Kwetu hapa Migato, mlango ukigongwa saa nane za usiku hatuulizi ni nani. Tunauliza mgonjwa yuko wapi. Alhamisi moja wakati wa mvua aligonga kijana: mkewe amejifungulia nyumbani na damu haikatiki. Baba wa nyumba akachukua ufunguo, akauzungusha. Gari likalia "tk" mara moja, likanyamaza. Taa zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Vijana wa jirani wakaamshwa, wakalisukuma kwenye matope mpaka likawaka. Nusu saa ilipotea. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili tu. Tunamshukuru Mungu, yule alifika hospitali akiwa hai, na mtoto wake sasa anatambaa. Lakini sisi hatukulala. Betri ilikuwa na mwaka mmoja. Gari liliegeshwa tangu Jumapili tulipotoka kanisani, wala hakuna aliyeligusa. Umeme ulikwenda wapi?

Kuongeza damu bila kuziba kidonda

Tuliipeleka betri Bariadi ikachajiwa. Siku chache baadaye ikafa tena. Tukaambiwa tununue mpya, na tulikaribia kutoa fedha za ada ya watoto. Lakini muuguzi hatoi dawa kabla ya kupima. Mgonjwa anayevuja damu, ukimwongezea chupa bila kuziba kidonda, umepoteza damu na mgonjwa pia. Tukamwita fundi umeme wa magari aje na kipimo chake, nasi tukasimama karibu tujifunze.

Tulivyopima

Kwanza, vichwa vya betri. Vikiwa vimelegea au vina unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Vifunguliwe, vioshwe kwa maji yenye magadi ya kuokea, vikaushwe na kukazwa. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho.

Pili, nguvu ya betri. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri nzima husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 imekwisha. Gari likiwashwa, kipimo kipande kati ya 13.8 na 14.5. Kisipopanda, kosa liko kwenye alteneta au mkanda wake, na betri haichajiwi njiani. Letu lilipanda vizuri.

Tatu, umeme unaovuja gari likiwa limelala. Fundi alizima kila kitu, akatoa ufunguo, akafungua waya wa hasi, kisha akaweka kipimo cha ampea katikati ya waya huo na betri. Gari zima halipaswi kula zaidi ya ampea 0.05, za saa na kumbukumbu ya redio. Magari ya siku hizi yasubiriwe nusu saa yatulie. Kipimo kikiwa hapo msiwashe gari, kitaungua.

Letu lilisoma 0.45. Fundi akachomoa fyuzi moja moja. Alipofika fyuzi ya taa za ndani, kipimo kikashuka hadi 0.03. Tulikagua taa moja baada ya nyingine, tukaikuta ndani ya buti. Gunia la mahindi lilikuwa limekipinda kibonyezo chake, basi taa ikawaka usiku na mchana, buti likiwa limefungwa, hakuna anayeiona.

Hesabu yake ni rahisi. Betri yetu ni ya ampea-saa 60. Toka Jumapili mchana hadi Alhamisi usiku ni kama saa 100. Zidisha kwa 0.45, unapata 45. Robo tatu ya betri ililiwa na taa ya wati 5! Kunyoosha kibonyezo kulichukua dakika tano.

Si kila mara ni taa. Huenda ikawa redio au alamu iliyofungwa vibaya, au alteneta yenyewe. Tena betri nayo huzeeka, hasa penye joto. Ikishapita miaka mitatu au minne ipimwe mara kwa mara.

Tahadhari kwa watoto

Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Jiko, kibatari na sigara vikae mbali. Maji yake ni tindikali. Yakimwingia mtoto machoni, msuuzeni kwa maji mengi safi dakika 20, kisha mkimbizeni hospitali. Ikipungua, ongezeni maji maalumu ya betri yasiyo na tindikali, si ya kisima.

Betri iliyokufa isiwe kigoda wala isipasuliwe uani, kwa maana ndani mna risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu kijiji. Mama mmoja aliyefanya kazi hapo, Phyllis Omido, aliuguliwa na mwanawe mchanga, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu. Akapigania wenzake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3.

Tukeshe

Mwenye dharura ya uzazi apige 115, namba ya bure ya mpango wa m-mama ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022. Lakini pasipo na gari la wagonjwa, atakayekuja ni dereva wa jamii, mwenye gari kama letu. Kwa hiyo sasa kila jioni, kabla ya sala ya familia, mmoja wetu hutoka na kulikagua gari: milango, taa, buti. Wanawali watano walijua habari ya mafuta yao bwana arusi alipokuwa karibu kufika. Sisi tulipewa nafasi ya pili, na mama yule pia. Mkague magari yenu leo, wapendwa, kabla mlango haujagongwa.