Vumbi Ndani ya Gari Kuukuu: Kichujio cha Hewa na Kazi Inayopaswa Kukitangulia

Kuanzia Desemba hadi mvua ndefu zinaporudi, barabara za udongo na changarawe katika wadi za Mogogosiek, Kimulot, Embomos na Chepchabas hugeuka unga. Lori la majani chai likipita kuelekea kiwandani, wingu la vumbi hubaki hewani, na gari linalofuata huingia ndani yake. Abiria wa gari la kisasa hufunga madirisha, huwasha feni na kuendelea na safari. Abiria wa Land Cruiser au Land Rover ya zamani naye hufunga madirisha, lakini akifika Bomet kola ya shati imebadilika rangi na koo linamkwaruza.

Magari mengi ya siku hizi yana kichujio cha karatasi iliyokunjwakunjwa kinachosafisha hewa kabla haijawafikia abiria. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na Land Rover zilizopewa jina la Defender mwaka 1990, zilitoka kiwandani kwa miaka mingi bila kichujio hicho. Kwa kawaida hewa ya nje huingia kupitia matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, au kandokando ya madigadi kwa Land Rover, hupita kwenye feni na kutokea usoni mwa abiria ikiwa na kila ilichobeba njiani. Wapo wenye magari wanaoamini kwamba lile bomba refu lililosimama kando ya kioo husafisha hewa hiyo. Bomba lile ni la injini tu, na kadhalika ile ea klina iliyo chini ya boneti.

Suala hili si la usafi wa nguo peke yake. Chembe kubwa za vumbi hunaswa puani. Zile zenye upana usiozidi mikromita 10 hupita kooni, na zisizozidi mikromita 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Unywele wa binadamu una unene wa takriban mikromita 70, kwa hivyo chembe hizo hazionekani moja moja kwa macho. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unapendekeza kwamba wastani wa chembe hizo ndogo zaidi usizidi mikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa saa 24. Kwa mtu mwenye pumu, safari moja nyuma ya lori yaweza kumletea shambulio. Na mara nyingi gari kuukuu la kijijini ndilo linaloombwa usiku kumpeleka mgonjwa Hospitali ya Rufaa ya Longisa.

Kabla ya kununua kichujio, mwenye gari anapaswa kujua vumbi linaingilia wapi. Wengi huangalia mbele, kwenye matundu ya dashibodi, ilhali katika magari yenye umbo la sanduku sehemu kubwa ya vumbi huingilia nyuma. Gari kama hilo likienda kwa kasi huacha nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa nyuma yake, na nafasi hiyo huvuta wingu linalotimuliwa na magurudumu pamoja na moshi wa ekzosi. Mpira wa mlango wa nyuma ukiwa umekauka au kupasuka, vyote viwili huingia ndani. Kufungua dirisha la mbele kidogo ili kupata hewa mara nyingi huzidisha hali, kwa sababu hewa inayotokea hapo huvuta nyingine kutoka nyuma. Ndiyo sababu watoto wanaokaa kwenye viti vya pembeni vya nyuma hushuka wakiwa wekundu kuliko dereva.

Njia rahisi ya kupima ni kipande cha karatasi. Kibanwe kwenye mlango uliofungwa, kisha kivutwe. Kikitoka bila upinzani, mpira wa sehemu hiyo haufanyi kazi. Usiku mtu mmoja anaweza kuingia ndani na tochi, mwingine akazunguka nje akitafuta mwanga unaopenya. Mahali pa kukagua ni pamoja na mpira wa kila mlango, matundu ya nyaya na pedali kwenye ukuta wa injini, kifuniko cha mpira kwenye gia, na plagi za mpira za sakafuni ambazo mafundi huziondoa wakati wa kuchomelea na kusahau kuzirudisha. Mpira wa mlango unauzwa kwa mita, na matundu madogo huzibwa kwa gundi ya silikoni. Tundu moja ambalo halipaswi kuzibwa ni lile la kutolea maji ya mvua chini ya milango na chini ya kioo cha mbele. Likizibwa, mabati yataoza.

Kazi hiyo ikikamilika, kichujio kina maana. Feni inayoingiza hewa safi kwenye gari lililozibwa vizuri huongeza mgandamizo ndani kidogo kuliko nje, na penyo dogo lililobaki hutoa hewa badala ya kuvuta vumbi. Kwenye gari lenye mianya mingi, feni ile ile haiwezi kushindana na mvuto wa nyuma, hata kichujio kiwe cha bei gani.

Fundi anaweza kukiweka sehemu mbili. Ya kwanza ni kwenye njia ya hewa ya nje, chini ya wavu ulio mbele ya kioo. Kufika hapo ni rahisi, ila kwa Mogogosiek mahali hapo pana kasoro kubwa: mvua hunyesha miezi mingi ya mwaka, na kichujio cha karatasi kilicholowa huziba na kuota ukungu. Aidha, hakisafishi hewa inayozungushwa ndani kwa ndani. Sehemu ya pili, iliyo bora kwa hali ya hewa ya hapa, ni chini ya dashibodi upande wa abiria, kwenye boksi la feni, baada ya mahali ambapo hewa ya nje na ile ya ndani hukutana. Baadhi ya Toyota zilizotengenezwa baada ya mwaka 2000 zina nafasi tayari nyuma ya kisanduku cha dashibodi, iliyofungwa kwa kipande cha plastiki. Hukatwa kwa uangalifu na kichujio huteleza ndani. Kwa Land Cruiser na Land Rover za zamani, fundi hulazimika kutengeneza fremu ya bati au plastiki na kuiunganisha kati ya feni na njia ya hewa.

Fremu hiyo ipimwe kufuata kichujio ambacho tayari kinauzwa madukani kwa ajili ya gari la kawaida, kama vile Toyota Probox. Fundi akibuni ukubwa wake mwenyewe, siku ya kubadilisha hakutakuwa na cha kununua. Kichujio kiwe kipana kadiri nafasi inavyoruhusu, kwa maana kidogo hukaba hewa. Kingo zake zizungushiwe utepe wa sponji ili hewa isipite kando, na mshale ulioandikwa juu yake uelekee hewa inakokwenda. Waya wa betri wa upande hasi ufunguliwe kabla ya kazi kuanza. Kwa gari lenye mfuko wa hewa wa usalama upande wa abiria, pasitobolewe wala kukatwa kitu chochote karibu nao bila fundi anayeufahamu.

Kuna wanaotumia kipande cha godoro au kitambaa badala ya kichujio. Sponji ya godoro huzuia mchanga na majani makavu, lakini vumbi laini hupita. Pia ni hatari. Katika magari mengi ya zamani, kile kifaa kinachopunguza kasi ya feni hupata joto kali na hutegemea hewa hiyo hiyo kupozwa. Hewa ikikabwa, huungua, na sponji iliyo karibu yaweza kushika moto. Kwa sababu hiyo, kabla na baada ya kazi, fundi ashike ukanda wa karatasi laini mbele ya matundu ya dashibodi huku feni ikiwa kwenye kasi ile ile. Karatasi ikilegea sana kuliko mwanzo, kichujio ni kidogo mno au kimebana vibaya.

Kuna jambo ambalo kichujio hakiwezi kulifanya, na ndilo la hatari zaidi. Kaboni monoksaidi, gesi itokayo kwenye ekzosi, haina rangi wala harufu, na hupita kwenye kichujio cha karatasi na hata kile chenye mkaa. Kichujio cha mkaa hupunguza harufu ya moshi, na hilo linaweza kumfanya dereva adhani hewa ni salama. Abiria wakianza kuumwa kichwa, kusikia kichefuchefu au kusinzia bila sababu, gari lisimamishwe, wote washuke, na wanaoendelea kujisikia vibaya wapelekwe kituo cha afya kwa gari jingine. Ekzosi iliyotoboka hurekebishwa kwanza. Kichujio kinaweza kusubiri mwezi mwingine.

Katika safari ya vumbi, dereva aweke kitufe kwenye hewa ya nje, afunge madirisha yote na kuwasha feni kasi ya kati. Akikwama nyuma ya lori linalotoa moshi mweusi, anaweza kuzungusha hewa ya ndani kwa dakika chache hadi alipite. Kuiacha hivyo muda mrefu gari likiwa limejaa huleta usingizi na kufanya vioo viote mvuke, na asubuhi za baridi na ukungu za Konoin hazihitaji kioo kingine kisichoonekana mbele.

Wakati wa kiangazi kichujio kikaguliwe kila wiki mbili. Karatasi haioshwi, wala haipulizwi kwa hewa ya kompresa kama mafundi wengi wanavyofanya, kwani nyuzi zake hufunguka na vumbi laini hupita bila kuonekana. Kikichakaa hubadilishwa. Mvua zinapoanza kikaguliwe tena, maana vumbi lililokwama ndani yake likipata unyevu huwa tope, hewa hupungua, na dalili ya kwanza huwa kioo cha mbele kinachokataa kukauka. Kile cha zamani kitolewe polepole nje ya nyumba, kitiwe kwenye mfuko na kufungwa kabla ya kutupwa, mbali na watoto.