Jua la Julai: Toa godoro nje kabla wingu halijarudi

Je, umewahi kuamka Jumapili moja ya Julai jijini Nairobi ukajikunyata kungojea lile wingu zito la kila siku, kumbe jua limekwisha kuingia dirishani? Watoto wamevua sweta bila ruhusa. Paka wa jirani amejinyoosha juu ya mabati. Ukiona hivyo, chai ikiisha usirudi kitandani.

Kwa kawaida Julai ndio mwezi wa baridi zaidi katika jiji hili lililo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Pepo za kusi huvuma kutoka kusini-mashariki zikibeba unyevu wa Bahari Hindi hadi nyanda za juu. Hewa hiyo ikipanda hupoa, ikafanya wingu la chini linaloweza kuliziba jua kutwa nzima, na joto likashindwa hata kufika nyuzi 20. Lakini unyevu ukipungua, wingu hupasuka na mchana ukawa mtamu kama wa Januari. Neema hiyo huenda ikadumu siku tatu. Huenda pia ikatoweka kabla ya chakula cha mchana!

Anza na vitanda, kwa maana baridi ya wiki nyingi huacha magodoro na unyevu, hasa katika nyumba za mawe. Egemeza godoro ukutani upande wa jua, uligeuze ifikapo saa sita. Mablanketi yaende kambani. Ninyi mnaoishi ghorofani mtayaning'iniza kwenye roshani, na huenda mkakosana na jirani wa chini. Mwombeni radhi mapema. Fungua kabati pia. Viatu na lile koti la harusi hushika kuvu kimyakimya.

Kisha nenda shambani, hata kama shamba lenyewe ni magunia manne ya udongo nyuma ya jikoni. Sukuma wiki hupenda ubaridi, kwa hivyo haina taabu kubwa. Hata hivyo, geuza majani utazame chini yake, kwani joto likianza kupanda vidukari huzaana upesi. Wakiwa wachache, waponde kwa vidole au uwaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Nyanya ndizo zilizoumia. Baridi na unyevu huleta ule ugonjwa wa mabaka meusi unaoweza kumaliza mche mzima. Kata majani yaliyougua uyatupe mbali, na ukinyunyiza maji, yamwage shinani, tena asubuhi, ili majani yasilale yakiwa mabichi.

Wape watoto kazi ya kupalilia. Na kama bibi yao amewatembelea kutoka mashambani, mwekee kiti juani. Hadithi ataanza mwenyewe.

Sasa sikiliza, kwa maana hapa ndipo wengi hukosea. Wingu ni blanketi la ardhi. Usiku usipokuwa na wingu, joto lote la mchana hupaa angani, na alfajiri ikawa kali kuliko ya siku zile za kijivu. Ndiyo sababu wakulima wa Limuru na Nyandarua huogopa usiku wenye nyota nyingi: sakitu huweza kuunguza majani chai na viazi. Basi anua matandiko saa kumi, yangali na joto, na ufunike miche michanga kwa gunia kuukuu.

Usiku huohuo ndipo mtu hushawishika kuingiza jiko la makaa chumbani na kuziba kila upenyo. Usithubutu! Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko libaki nje hata kama makaa yanaonekana yamezimika. Watoto wakianza kugombania lile blanketi lililoshinda juani, waache walale pamoja, uwaongezee la pili.