Nyumba De Pijp: Mkopo pekee hautoshi

MWENYE familia anayetaka nyumba De Pijp, Amsterdam, jirani na soko la Albert Cuyp lililoanza mwaka 1905, ajiandae kushindana. Bei inayotangazwa ni ya kuanzia tu. Mara nyingi wanunuzi hupandishana dau.

Hapo ndipo wengi hukwama. Tangu 2018, benki za Uholanzi kwa kawaida hazikopeshi zaidi ya asilimia 100 ya thamani ya nyumba. Dau likipita makadirio ya mthamini, tofauti hutoka mfukoni, pamoja na kodi ya uhamisho ya asilimia 2, ingawa wapo vijana wanaosamehewa.

Akishasaini, mnunuzi ana siku 3 za kujitoa bila fidia. Ni chache kwa deni la miaka 30. Aulize mapema kodi ya kiwanja imelipwa hadi lini, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya Amsterdam ni ya manispaa, iliyoanza kuipangisha mwaka 1896.