Saa ya Mavuno na Saa ya Muuzaji: Sayansi ya Kikomo cha Muda katika Maandishi ya Mauzo

Miongoni mwa watu wanaosoma tangazo la bidhaa wasiinunue, wamo wa aina mbili ambao hesabu za mauzo huwaweka katika fungu moja. Aina ya kwanza ni ya wale walioipima bidhaa, wakaona haiwafai au bei yake imewashinda, wakaikataa. Aina ya pili ni ya wale waliokubali moyoni kwamba wanaihitaji, wenye uwezo wa kuilipia, lakini waliojiambia kwamba wataishughulikia baadaye, na baadaye hiyo isifike. Tabia ya kundi hili la pili ndiyo ambayo wanasaikolojia huiita uahirishaji, na Piers Steel wa Chuo Kikuu cha Calgary, katika mapitio ya tafiti aliyoyachapisha mwaka 2007, aliifafanua kuwa ni kuchelewesha kwa hiari jambo ambalo mtu amekwisha kulikusudia, hali akijua kwamba kuchelewa huko kutamletea hasara. Fasili hiyo ina uzito kwa yeyote anayeandika maneno ya kuuza, kwa kuwa inaonyesha kwamba kumrundikia mwahirishaji sifa zaidi za bidhaa ni kumhubiria aliyekwisha kuamini. Anachokosa ni sababu ya kutenda leo.

Waandishi wa matangazo walilitambua tatizo hili kabla ya wanasayansi kulipima. Mmarekani Claude Hopkins, katika kitabu chake Scientific Advertising cha mwaka 1923, alichukulia matangazo ya bidhaa zilizouzwa kwa posta kuwa shule ya fani yake, kwa sababu kila barua iliyorudi ilihesabika, na miongoni mwa masomo aliyoyatoa humo ni umuhimu wa kumfanya msomaji atende kabla hajasahau. Chombo kimojawapo kilikuwa kuponi, yaani kipande cha kukatwa gazetini chenye ahadi ya punguzo au zawadi, na kingine kilikuwa kikomo cha muda au cha idadi. Tangu hapo maneno kama “siku tatu tu” na “mpaka bidhaa ziishe” yamekuwa ya kawaida kiasi kwamba ni wachache wanaojiuliza yanafanya kazi gani ndani ya akili ya mnunuzi, na ni wakati gani yanaacha kuifanya.

Kwa nini kesho huishinda leo

Maelezo ya uahirishaji huanzia katika namna binadamu anavyothamini vitu vinavyocheleweshwa. Mtu akiulizwa achague kati ya shilingi 10,000 leo na shilingi 11,000 kesho, huenda akachukua zile za leo. Lakini mtu huyohuyo akiulizwa achague kati ya shilingi 10,000 baada ya siku 30 na shilingi 11,000 baada ya siku 31, huona si vigumu kungoja siku moja zaidi, ingawa pengo la muda na la fedha halikubadilika. Mwaka 1975 George Ainslie alieleza tabia ya aina hii kwa kutumia mkunjo wa haiperboli, ambao ndani yake thamani ya kitu hushuka kwa kasi kubwa katika ucheleweshaji wa mwanzo, kisha hushuka polepole kadiri muda unavyosogea mbali. Mwaka 1997 mwanauchumi David Laibson aliipatia tabia hiyo umbo jepesi la kihisabati, na leo wanauchumi huiita upendeleo wa sasa, yaani mwelekeo wa kukipa kilichopo sasa uzito uliopita kiasi.

Ununuzi mwingi huathiriwa moja kwa moja na upendeleo huo, kwa sababu gharama zake hulipwa sasa na faida zake huja baadaye. Gharama hizo si bei peke yake. Kujaza fomu, kupanga foleni, kulinganisha aina tano za bidhaa, hata kuinuka tu kutafuta pochi, vyote ni usumbufu wa leo. George Akerlof, ambaye baadaye alishinda Tuzo ya Nobel ya Uchumi, alilieleza hili mwaka 1991 kwa mfano wake mwenyewe: akiwa India alitakiwa kumpelekea rafiki yake Joseph Stiglitz kisanduku cha nguo huko Marekani, na kwa zaidi ya miezi minane akawa kila asubuhi anaamua kwamba atakipeleka kesho yake. Mfano huo unaonyesha kwamba hakuna asubuhi hata moja ambayo uamuzi wake ulikuwa wa kipumbavu ukitazamwa peke yake, kwani kuchelewesha kwa siku moja kulimgharimu kidogo kuliko usumbufu wa kwenda posta. Hasara ilitokana na jumla ya siku ambazo kila moja ilijiona kuwa ni siku moja tu.

Hapo ndipo kikomo cha muda kinapoingilia kati. Bila kikomo, gharama ya kungoja siku moja zaidi ni ndogo leo, kesho na mtondo. Kikomo kikiwapo, ipo siku moja ambayo gharama ya kungoja hupanda ghafla ikawa sawa na faida yote iliyotarajiwa. Kikomo hakiongezi uzuri wa bidhaa wala hakipunguzi usumbufu wa kuipata, bali huzikusanya gharama zilizotawanyika katika siku nyingi na kuziweka mbele ya macho kwa pamoja.

Muda mfupi, matendo mengi

Jaribio moja la Amos Tversky na Eldar Shafir, lililochapishwa mwaka 1992, linaonyesha nguvu hiyo waziwazi. Wanafunzi waliahidiwa dola 5 ili wajaze hojaji ndefu na kuirudisha. Baadhi walipewa siku 5, wengine wiki 3, na wengine hawakuwekewa muda wowote. Kwa mantiki ya kawaida aliye na muda mwingi ana nafasi zote za aliye na muda mchache na nyingine zaidi, kwa hiyo angetarajiwa kurudisha kwa wingi zaidi, lakini matokeo yalikwenda kinyume: waliopewa siku 5 walirudisha kwa asilimia 60, waliopewa wiki 3 kwa asilimia 42, na wasiokuwa na kikomo kwa asilimia 25.

Suzanne Shu na Ayelet Gneezy walionyesha mwaka 2010 kwamba jambo hilo haliihusu kazi ya kuchosha peke yake. Waligawa vocha za kitafunio katika duka la keki, nyingine za kutumika ndani ya wiki 3 na nyingine ndani ya miezi 2. Waliopata muda mrefu walijiona wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzitumia, lakini waliozitumia kweli miongoni mwao hawakufika hata mmoja kati ya 10, ilhali miongoni mwa waliopewa wiki 3 walikaribia theluthi moja. Kwa maneno mengine, watu huahirisha hata raha, na hupenda kupewa muda mrefu ambao hatimaye huwakosesha raha yenyewe.

Nguvu ya pili ya kikomo hutokana na hofu ya kupoteza. Katika nadharia waliyoitoa mwaka 1979, Daniel Kahneman na Tversky walieleza kwamba akili hupima mambo kwa kulinganisha na hali iliyopo, na kwamba hasara huuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyofurahisha. Makadirio yao ya mwaka 1992 yaliipa hasara uzito wa zaidi kidogo ya mara mbili. Ofa isiyo na mwisho haiwezi kupotea, kwa hiyo kutoinunua leo si hasara, lakini ofa yenye mwisho humfanya mnunuzi aione kama kitu ambacho tayari kiko mkononi mwake na kinataka kuponyoka. Uhaba wa idadi hufanya kazi inayokaribiana na hiyo: mwaka 1975 Stephen Worchel na wenzake waligundua kwamba biskuti zilizotolewa katika chupa yenye biskuti 2 zilionekana za kutamanika kuliko zilezile zilipotolewa katika chupa yenye 10, na tamaa iliongezeka zaidi pale watu waliposhuhudia zile 10 zikipungua kuwa 2.

Mbolea ya Busia

Ushahidi mzito kuliko wa maabara, na ulio karibu zaidi na msomaji wa Afrika Mashariki, ulipatikana katika mashamba ya mahindi ya Busia, magharibi mwa Kenya, kupitia utafiti wa Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson uliochapishwa mwaka 2011. Majaribio yao ya awali yalikuwa yameonyesha kwamba nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shina ililipa vizuri, kwa wastani wa faida ya asilimia 36 katika msimu mmoja, hata hivyo wakulima wengi hawakuitumia. Maelezo ya haraka yangekuwa ni ujinga au umaskini, lakini yote mawili yaligonga mwamba, kwani mbolea inaweza kununuliwa kwa kiasi kidogo, na miongoni mwa wakulima walioshiriki katika mashamba ya majaribio karibu wote walisema kwamba wangeitumia msimu uliofuata, ingawa waliotimiza kusudio hilo walikuwa zaidi kidogo ya theluthi moja.

Watafiti waliitafuta sababu katika kalenda. Mkulima huwa na fedha mara baada ya mavuno, wakati ambapo mbolea haihitajiki bado na safari ya kwenda kuinunua inaweza kungoja wiki ijayo. Inapofika siku ya kuihitaji, fedha zimekwisha kwenda katika ada, ugonjwa na mahitaji ya nyumbani. Kwa hiyo ulibuniwa mpango ulioitwa SAFI, ambamo mfanyakazi wa mpango huo alimfikia mkulima nyumbani baada tu ya mavuno na kumuuzia vocha ya mbolea kwa bei ileile ya dukani, akimwahidi kuletewa mbolea bila malipo ya usafiri wakati wa kuihitaji, kwa sharti kwamba uamuzi ufanyike katika kipindi hicho kifupi. Nafuu hiyo ya usafiri ilikuwa ndogo, lakini matumizi ya mbolea yalipanda kiasi cha kulingana na yale yaliyopatikana kwa kuwapa wakulima wengine ruzuku ya nusu ya bei baadaye katika msimu. Na usafiri huohuo wa bure ulipotolewa kwa kuchelewa, karibu na wakati wa kuweka mbolea, haukubadilisha mambo kwa kiasi cha kuonekana.

Jambo moja katika utafiti huo linastahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Baadhi ya wakulima waliulizwa mapema wachague wenyewe siku ya kutembelewa na muuzaji wa vocha, na sehemu kubwa yao walimwomba aje mara baada ya mavuno, ingawa kuja baadaye kungewaacha wakae na fedha zao kwa muda mrefu zaidi. Ombi hilo linaonyesha kwamba wengi waliujua udhaifu wao na walitaka kufungwa kabla fedha hazijatawanyika. Kikomo, kwao, kilikuwa msaada walioukaribisha.

Kuandika uharaka wenye maana

Kutokana na ushahidi huu yanaweza kutolewa masharti ya uandishi wa mauzo unaomwondolea mteja uahirishaji. Sharti la kwanza ni kwamba uharaka uandamane na njia ya kutenda. Mwaka 1965 Howard Leventhal na wenzake waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale maandishi kuhusu hatari za pepopunda, na wakaona kwamba vitisho peke yake viliwapeleka kuchanjwa wachache sana, kiasi cha asilimia 3. Walioongezewa ramani ya kituo cha afya, saa zake na ushauri wa kupanga siku ya kwenda walifika takriban asilimia 28, ingawa kituo hicho hakikuwa kigeni kwao. Tangazo linalopiga kelele kuhusu wakati na kuficha mahali pa kulipia linamwachia msomaji wasiwasi tu.

Sharti la pili ni kwamba kikomo kiwe na sababu, na sababu hiyo itajwe. Maneno “Wahi sasa, ofa inakwisha!” hayamwambii msomaji inakwisha lini wala kwa nini, ilhali sentensi “Maombi yanapokewa hadi Ijumaa saa kumi jioni, kwa kuwa lori la mbegu linaondoka Jumamosi alfajiri” humpa siku, saa na chanzo cha haraka ambacho anaweza kukihakikisha. Sharti la tatu ni kwamba ujumbe umfikie mtu wakati ana uwezo wa kutenda, kama ulivyofanya mpango wa Busia. Kikomo kilichowekwa tarehe 25, mfuko ukiwa mkavu, humtesa mfanyakazi ambaye mshahara wake huingia mwisho wa mwezi na hakimfaidii muuzaji.

Saa ya uongo

Wahenga walisema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na hao hao wakasema kwamba haraka haraka haina baraka, wala hawakujipinga, kwa kuwa methali ya kwanza inamhusu aliyekwisha kuamua na ya pili inamhusu ambaye bado anapima. Uandishi wa mauzo hupotoka pale unapoitumia dawa ya yule wa kwanza kumlevya huyu wa pili. Meng Zhu, Yang Yang na Christopher Hsee walionyesha mwaka 2018 kwamba watu huiacha kazi yenye malipo makubwa na kushika yenye malipo madogo kwa sababu tu hiyo ya pili inaonekana kuisha muda, hata kama muda huo hauna athari yoyote. Akili, kwa hiyo, huitikia mlio wa saa bila kuuliza kwanza kama saa hiyo ni ya kweli, na udhaifu huo ndio mtaji wa walaghai.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 na Arunesh Mathur na wenzake, uliopitia takriban tovuti 11,000 za ununuzi kwa kutumia programu ya kompyuta, ulikuta mifano 1,818 ya mbinu za kumshinikiza au kumhadaa mnunuzi, zikiwamo saa za kuhesabu kurudi nyuma ambazo baada ya kufika sifuri ofa iliendelea vilevile. Kwa mujibu wa mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2005, kudai kwa uongo kwamba bidhaa itapatikana kwa muda mfupi sana ili kumnyima mnunuzi nafasi ya kufikiri ni miongoni mwa vitendo vilivyopigwa marufuku moja kwa moja, na nchini Kenya Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya mwaka 2012 inakataza maelezo ya uongo na ya kupotosha kwa ujumla wake. Zaidi ya sheria upo pia ukinzani wa nafsi, dhana iliyoelezwa na Jack Brehm mwaka 1966, ambao ni msukumo wa mtu kuutetea uhuru wake anapohisi kwamba unabanwa. Mnunuzi anayegundua kwamba “siku ya mwisho” imerudi Jumatatu huacha kuziamini siku za mwisho zote, zikiwamo zile za kweli.

Kipimo cha kutenganisha saa hizo mbili ni chepesi kukitamka, nacho ni kuuliza kama kikomo kingekuwapo iwapo muuzaji asingeandika neno lolote. Mvua za Busia zingenyesha, na fedha za mavuno zingetumika, hata kama vocha isingechapishwa. Maandishi ya mpango ule hayakuitengeneza saa, yaliisoma kwa sauti mbele ya mtu aliyekuwa na fedha mkononi na kusudio moyoni, kisha yakamrahisishia safari ya dukani. Mwandishi wa mauzo asiyeweza kuionyesha saa ya namna hiyo katika biashara yake ana kazi nyingine ya kufanya kabla ya kuandika “wahi sasa”, nayo ni kupunguza usumbufu ambao mteja anaukimbia kwa kusema kesho.