Kitabu cha 1859 Kipo Kwenye Simu, cha 1980 Hakipo Dukani

Likizo iliyopita basi letu lilisimama Makambako zaidi ya saa moja. Wenzangu wakashuka kutafuta chipsi, mimi nikabaki kwenye kiti na koti langu, maana baridi ya kule wote mnaijua. Bando lilikuwa limebaki kidogo. Nikakumbuka riwaya ambayo mwalimu wetu wa fasihi aliitaja darasani, Our Nig ya Harriet E. Wilson. Nikaitafuta, nikaipakua bure kabisa, na kabla hatujafika Njombe nilikuwa ndani ya sura ya tatu.

Riwaya hiyo ilichapishwa Boston mwaka 1859. Mwandishi alikuwa mwanamke mweusi aliyewahi kuwa mtumishi wa ndani. Anasimulia mateso ya binti mweusi katika nyumba ya Wazungu kaskazini mwa Marekani, kule ambako watu walijisifu kwamba kwao hakuna utumwa. Aliandika ili apate hela ya kumtunza mwanawe. Kitabu hakikupata wasomaji, mtoto akafariki mwaka uliofuata, na kwa zaidi ya miaka mia moja karibu kila mtu alikisahau. Mwaka 1983 Profesa Henry Louis Gates Jr. alikitoa upya, akaonyesha kuwa aliyekiandika ni mwanamke mweusi. Leo kinasomwa vyuoni duniani kote.

Hakuwa peke yake. Moby-Dick ya Herman Melville ilitoka mwaka 1851 na haikuuzika vizuri. Mwenyewe alikufa mwaka 1891 akiwa karibu amesahauliwa, na sifa tunazozisikia leo zilianza kwenye miaka ya 1920. Kate Chopin alishambuliwa na wahakiki kwa sababu ya The Awakening ya mwaka 1899, na ilibidi kusubiri hadi mwaka 1969, Per Seyersted alipokusanya na kuchapisha kazi zake zote, ndipo watu wakaanza kumsoma kwa makini. Kwa hiyo kitabu kusahaulika si ushahidi kwamba ni kibovu. Na hakuna kilichorudi chenyewe: kila kimoja kilirudishwa na mtu aliyejipa shida ya kukitafuta.

Kesho yake nilizunguka maduka ya vitabu na steshenari pale Njombe mjini nikimtafuta Aniceti Kitereza. Takadini ipo. Watoto wa Mama N'tilie ipo. Kitereza hayupo. Dada mmoja wa dukani akaniuliza, "Kaka, hicho ni cha fomu ngapi?" Nikamwambia si cha mtihani. Akacheka kwa upole, akaendelea kuhudumia wateja.

Sasa, Kitereza ni nani? Ni mzee wa Ukerewe, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya ndefu kwa Kikerewe, kuhusu Myombekere na mkewe Bugonoka, wanaopendana lakini hawajapata mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao, na mume inabidi aende kumwomba na kulipa faini ya pombe ya ndizi. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, dawa, misiba, maneno ya ukweni, yaani maisha mazima ya Wakerewe kabla ya ukoloni. Wachapishaji hawakuitaka, kwa hoja kwamba wasomaji wa Kikerewe ni wachache. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Gerald Hartwig, mtafiti kutoka Marekani, na mkewe Charlotte walikutana naye na kumshauri aitafsiri kwa Kiswahili. Mzee akaitafsiri mwenyewe. Tanzania Publishing House wakaitoa mwaka 1980, miaka 35 baada ya kukamilika. Mwaka uliofuata akafariki. Tafsiri ya Kiingereza, ya Profesa Gabriel Ruhumbika, ilitoka mwaka 2002.

Hapo ndipo swali linapouma. Kwa nini mimi, mtoto wa Njombe, nampata Wilson ndani ya dakika mbili na Kitereza simpati?

Sababu ya kwanza ni sheria. Hakimiliki ya vitabu vya Marekani vya karne ya 19 imekwisha, hivyo yeyote anaruhusiwa kuviweka mtandaoni. Kwetu kazi inalindwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Hiyo ni haki ya familia yake, kwa hiyo tusikimbilie kutoa kopi kitabu kizima. Sababu ya pili ni soko: duka linaweka kinachotahiniwa. Ya tatu ni sisi wenyewe. Kitabu cha zamani nyumbani tunakiona takataka, na kurasa zake zinaishia kufungia karanga stendi.

Kinachowezekana ni hiki. Ukienda likizo, fungua lile sanduku la babu. Wazee wengi wa Njombe walikuwa walimu na makatekista, wengine walisomea misheni za Kidugala na Uwemba. Ukikuta kitabu, andika jina lake, mwandishi, mchapishaji na mwaka, halafu linganisha na orodha ya maktaba ya chuo. Walio Dar es Salaam wana mkusanyiko wa East Africana pale Mlimani. Ukikuta daftari la mkono, hata la Kibena au Kikinga, liombe kwa heshima, lipige picha kila ukurasa, mrudishie mwenyewe. Kumbuka riwaya ya Kitereza nayo ilikaa miaka mingi ikiwa mswada tu.

Mimi nilipomuuliza bibi, alisema madaftari ya babu yalikuwepo, ila mvua ya mwaka fulani ilivuja darini na yakachomwa. Hakukumbuka yaliandikwa nini. Wewe wahi.