Kariakoo kwa Mwenye Kisukari: Tahadhari za Safari ya Nusu Siku

Wagonjwa wengi wanaokuja Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki hawarudi mikoani bila kupita Kariakoo. Mmoja wao alitoka kupima damu asubuhi akiwa hajala, akajidunga insulini kama kawaida, kisha akaelekea Mtaa wa Kongo kuwanunulia wanawe sare za shule. Ilipofika saa tano alianza kuyumba, jasho likamtoka, maneno yake hayakueleweka. Wapita njia walidhani amelewa. Muuza maji ya miwa, ambaye mama yake ana kisukari, alimnywesha bilauri moja. Baada ya dakika chache akapata nafuu.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, enzi za Vita vya Kwanza vya Dunia. Hata leo ni mahali pa kutembea sana na kubeba mizigo, na mwili unaofanya kazi hutumia sukari haraka. Kwa hiyo, ndugu msomaji, zingatia haya:

Kwanza, kula kabla ya kwenda. Usijidunge insulini ya chakula kama chakula hakijawa tayari. Kwa mama lishe, chagua kinachotoka motoni.

Pili, beba soda yenye sukari au vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mikono ikitetemeka, kaa chini, tumia sukari hiyo, rudia baada ya dakika 15 usipopata nafuu, kisha ule. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na kukimbizwa hospitali.

Tatu, vaa viatu vinavyofunika vidole. Mikokoteni ni mingi, na mguu uliopoteza hisia hautambui jeraha. Kagua nyayo jioni.

Nne, insulini isikae juani wala ndani ya gari lililoegeshwa. Mkoba uvae kifuani, kwani wezi hawabagui, na akiba nyingine ibaki ulikofikia.

Tano, nenda mapema kabla jua halijawa kali. Mabasi ya mwendokasi hufika Gerezani, jirani kabisa na soko. Beba kadi yenye jina la ugonjwa wako na simu ya ndugu.

Nasi watumishi wa afya tusiishie kuandika dawa. Kabla mgonjwa hajainuka kitini, tumuulize: “Ukitoka hapa unakwenda wapi, na umekula?”